Tablo Nyeusi ya Mwaka wa Tano

Kelele ya jiwe sikuijali. Ni harufu iliyonitoa jikoni. Mtoto wangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, hapa Mabanga, mjini Goma, anavunja betri ya tochi iliyokufa, na ule unga mweusi umemwagika juu ya jiwe la volkano. Wewe wa rika langu, uliyesoma shule ya kijijini wakati nchi hii ikiitwa Zaïre, huna haja nikueleze harufu hiyo. Ni ya chuma kilichooza kwenye chumvi. Inakaa kooni, huimezi wala huitemi. Nilitoka na mwiko mkononi tayari kumchapa, maana unga ule hautoki kwenye nguo na anayefua ni mimi. Nikaona vidole vyake: vyeusi mpaka chini ya kucha, mpaka kwenye mikunjo. Mkono ukashuka wenyewe. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, unalia?"

"Ni moshi."

Moto ulikuwa haujawashwa.

Nitasema wazi, sipendi kuzunguka: ninaandika haya nikiwa na hasira. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimeenda kwenye shule ya mtoto huyo. Tablo ya kalasi yake imepauka kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta. Anaona nane anaandika tatu, mwalimu anampa sifuri, nami ninamgombeza jioni, kumbe mkosaji ni ule ubao. Nilifika langoni. Sikuingia hata mguu mmoja. Direkta, mkubwa wa shule, alitoka, akaniangalia kama mtu aliyekuja kuuza nyanya, akasema, "Mama, mambo ya tablo ni ya biro, ya ofisi. Muzazi anaishia hapa." Akanionyesha kwa kidole mahali ninapoishia: kwenye chuma cha lango.

Muzazi anaishia hapa. Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama changarawe kwenye kiatu. Ndiyo maana nimekaa kuandika juu ya mama yangu.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye barabara ya Rutshuru, asubuhi nzima kwa miguu toka Goma, kimekaa juu ya mawe meusi ambayo mlima uliyatapika kabla mimi sijazaliwa. Udongo ulikuwa wa kutafuta. Watu walipanda maharage kwenye nyufa za mawe, punje mbili hapa, punje mbili pale, kama mtu anayeficha kitu. Maji tulikunywa ya mvua. Shule ilikuwa na kalasi nne za miti na udongo, mwaka wa kwanza mpaka wa nne, na mkubwa wake alikuwa Mwalimu Kambale, mtu wa Butembo, mwembamba, mwenye suruali moja ya kijivu aliyoifua kila Jumamosi na kuivaa kila Jumatatu. Huyo ndiye aliyefundisha mwaka wa nne.

Baada ya mwaka wa nne, shule iliisha. Mwaka wa tano ulikuwa misheni, mbali, unatoka nyumbani giza na unarudi giza. Wavulana wenye miguu migumu walienda. Wasichana walibaki. Dada yangu Furaha alibaki. Siku ya kwanza ya masomo alisimama mlangoni na jembe begani akituangalia tunapita, halafu akafunga kayee yake, daftari lake la mwaka wa nne, kwa kamba ya mgomba na kuichomeka kwenye dari, juu ya moshi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu mwaka ule nilikuwa ninaingia wa nne, na hesabu hiyo nilijua kuifanya bila mwalimu: jembe langu lilikuwa limebakiza mwaka mmoja.

Halafu Inspekta, mkaguzi wa shule, akaja. Sijawahi tena kuona mtu kama yule. Alishuka kwenye gari lenye vumbi, amevaa abakosti ya bluu, koti la wakubwa lisilo na tai, iliyofungwa mpaka shingoni, miwani inang'aa, na kiatu chake kilipokanyaga mawe yetu kililia nyii, nyii, kama mtoto wa mbuzi. Sisi watoto tulikuwa tumepanga mistari, hakuna aliyethubutu kukohoa. Nilifikiri ni yeye aliyevumbua hesabu.

Wazazi walimzunguka, wakamwomba mwaka wa tano. Mwalimu Kambale aliongea kwa Kifaransa, mikono mgongoni. Inspekta alisikiliza, akatoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Munataka mwaka wa tano? Vizuri. Munijengee kalasi ya mawe, si ya udongo. Muweke viti. Muweke tablo. Nitarudi mbele ya masomo mapya kuanza, na nitakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, kule nyuma. Mutoto ataandika. Nikisoma toka kule, mwaka wa tano unafunguliwa. Nisiposoma, basi, batoto baende misheni ao baende shamba."

Akapanda gari. Vumbi lake lilipotua, Mama Sifa, jirani yetu, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akasema, "Yule anaona vizuri kweli? Ana macho manne na anataka tumuandikie makubwa!" Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi.

Unakumbuka salongo? Ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, ya amri, ambayo watu waliikimbia? Filimbi ikilia, papa mzima, baba wa watu, mwenye ndevu, anajificha kwenye mahindi. Salongo ya kalasi ile hakuna aliyepiga filimbi. Mwalimu Kambale alitoa sheria moja tu: kila mtoto, kila asubuhi, jiwe moja. Bila jiwe huingii. Tulikuja na mawe vichwani, kata ya majani chini ya jiwe, ukungu umetufunika, kila mmoja anaona tu visigino vya aliye mbele. Mawe ya volkano yana meno. Yanakwaruza vidole, yanaacha mchanga mweusi kwenye nywele. Wadogo wa mwaka wa kwanza walileta mawe kama viazi, na Mwalimu aliyapokea kwa mikono miwili, akisema aksanti, kama mtu anayepokea yai. Papa zetu waliyapanga. Bamama walileta udongo kwa mabeseni toka bondeni. Na ukuta ukapanda. Asubuhi unafika, unakuta umekuzidi magoti. Wiki ijayo umekuzidi kifua. Siku moja nikasimama mbele yake nikaona umenizidi kichwa, nikashikwa na woga mtamu. Nilikuwa ninajua mawe yangu. Lile la kona, lenye tundu, nilikuwa nimelibeba mimi. Kitu kikubwa vile, na kilikuwa kimekaa juu ya kichwa changu kwanza.

Sasa tablo. Tablo za kijijini hazikununuliwa. Seremala aliunganisha mbao tano, akazilainisha, zikawa nyeupe kama ndani ya muhogo. Kuzifanya nyeusi ilikuwa kazi ya wanawake, na kati ya wanawake ilikuwa kazi ya mama yangu.

Mama alikuwa ametoka milima ya Masisi kuolewa, na kwao alikuwa amefundishwa kupaka kuta. Alijua kipi kinashika na kipi kinabanduka. Weusi wa tablo aliutengeneza hivi: betri zilizokufa, za redio na za tochi, unazipasua kwa jiwe, unatoa unga. Makala, makaa ya kupikia, unayasaga mpaka yawe laini kuliko unga wa chapati. Majani ya boga unayaponda, unakamua maji yake ya kijani. Uji mwepesi wa muhogo, ili kishike. Unakoroga. Kisha Mama alichovya ncha ya kidole, akaweka ulimini, akafumba macho, akatema. "Bado," anasema. Anaongeza makala. Anaonja tena. "Bado." Anaonja. Halafu anafumbua macho, na sisi wote tunajua imefika.

Hapa ni lazima niseme nilivyoelewa, hata kama utanicheka. Papa alikuwa na redio, peke yake kijijini. Betri zilipoanza kuchoka alizianika juani juu ya bati, alizing'ata, alizisugua, na siku zilipokataa kabisa alisema, "Hizi zimemaliza maneno." Basi mimi niliona jambo zima wazi kabisa. Maneno yanakaa ndani ya betri. Redio inayatoa moja moja. Yanayobaki kwenye unga, Mama anayapaka kwenye tablo. Kwa hiyo herufi zote, hesabu zote, Kifaransa chote, vilikuwa vimelala ndani ya ule weusi, na chaki ya mwalimu kazi yake ni kuamsha tu. Na Mama, aliyekuwa akiyaonja kwa ulimi na kusema bado, bado, imefika, lazima alikuwa anayajua yote. Mwalimu Kambale alijua mengi, lakini nilimhurumia kidogo. Yeye alikuwa anasoma tu alichoweka mama yangu.

Kalasi iliisha. Viti, magogo yaliyopasuliwa, viliingia. Siku tatu kabla ya Inspekta kurudi, Mama alipaka tablo mara ya kwanza, na ilipokauka tulisimama mbele yake. Ilikuwa ya kijivu. Rangi ya majivu ya jana. Betri tulizokusanya zilikuwa za kale, zimeoza, zimetoa chumvi, unga wake umekufa. Mwalimu Kambale alichukua chaki, akaandika A kubwa, akaenda kukaa nyuma. Alikaa kule muda mrefu.

"Mwalimu, unaiona?" Mama Sifa akauliza.

"Ninaiona kwa sababu nimeiandika," Mwalimu akasema polepole.

"Iko inahitaji betri ngapi?"

"Sita," Mama akasema. "Nzuri. Zisizooza."

Kila mtu aliangalia pembeni. Kijiji kizima kilijua betri sita nzuri zilikuwa wapi. Papa alikuwa amezitoa Goma wiki ile ile, nyekundu, zinang'aa, na redio yake ilikuwa inaongea kwa sauti kama mtu aliyekula nyama. Jioni watu walijaa kwenye ua wetu kusikiliza. Papa alikuwa amebeba mawe ya kona, yale makubwa, mpaka mgongo ukampinda. Hakuna aliyeweza kusema hajatoa. Mama alimwuliza jioni ile mbele yetu, mara moja tu.

"Papa Furaha. Zile betri."

"Zile bado ziko na uhai, Mama Furaha. Betri haiuawi ingali hai. Ni kama kuku anayetaga."

Mama hakuuliza tena. Furaha, aliyekuwa anamenya viazi, aliangalia juu kwenye dari, mahali kayee yake ilipokuwa inaiva kwa moshi, akarudisha macho chini.

Kesho yake, saa sita mchana, Papa akiwa shamba, niliingia chumbani nikafungua mgongo wa redio. Nikuambie ukweli: sikuona ni wizi. Niliona ni akili ambayo wakubwa wameikosa. Betri za zamani zilikuwa zimemaliza maneno, ndiyo maana tablo ilikuwa ya kijivu. Hizi zilikuwa zimejaa. Tablo itakayopakwa betri hizi haitahitaji hata mwalimu! Nilizifunga kwenye ncha ya kikwembe, kitambaa changu cha kiunoni, nikakimbia mpaka shuleni, mawe yananikata nyayo, sisikii.

Mama alikuwa peke yake na Mama Sifa, wanaponda majani. Nikafungua ncha ya kikwembe.

Mama Sifa alishika kichwa. "Yooo! Mutoto huyu ametuua!"

 Mama aliziangalia betri, akaniangalia mimi, akaangalia ile tablo ya kijivu. Ndege mmoja aliingia kalasini, akazunguka, akatoka, na Mama bado anaangalia. Mpaka leo, nikiwa na jambo gumu, ninatafuta uso ule ndani ya uso wangu na siupati. Kisha akainua jiwe.

"Papa yako akiuliza, aliyezitoa ni mimi. Umesikia?"

"Lakini Mama..."

"Aliyezitoa ni nani?"

"Ni wewe."

Jiwe likashuka. Betri nyekundu ikapasuka kama yai.

Jioni wanaume walikaa kwenye ua wetu kama kawaida, wakatengeneza makoo, wakanyamaza ili redio iseme. Papa akazungusha kitufe. Kimya. Akaipiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Kimya. Akaigeuza, akafungua, na nikaona mgongo wake unanyooka pole pole. Alitembea mpaka shuleni na redio kwapani, wanaume wote nyuma yake, na mimi nyuma ya wanaume.

Mama alikuwa anapaka mara ya pili. Kitambaa kinaenda na kurudi, kinaenda na kurudi, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakugeuka.

"Mama Furaha. Redio yangu imekuwa bubu."

"Haijakuwa bubu. Iko hapa. Vuta kiti, usikilize."

Wanaume wakaguna. Mmoja akacheka, akakata kicheko chake katikati.

"Na Inspekta akikataa?" Papa akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Betri zimekufa, mwaka wa tano umekufa, mimi nimebaki mujinga mbele ya batu bote. Utasema nini?"

Hapo Mama akageuka. "Akikataa, funga mizigo yangu, unirudishe kwa papa yangu, Masisi. Sitaomba."

Wakubwa walielewa ni maneno ya hasira na majivuno. Mama Sifa hata alijibu kwa niaba ya Papa: "Amurudishe? Na ng'ombe alizotoa bamekula mpaka mikia!" Watu wakacheka, Papa akatikisa kichwa akaondoka. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto anasikia neno kama lilivyo. Niliona mizigo. Niliona mama yangu anapanda barabara ya Masisi na beseni kichwani, haangalii nyuma, kwa sababu yangu. Kuanzia dakika ile, kama ile herufi haitaonekana toka nyuma, ningepoteza shule na mama kwa siku moja.

Mama alipaka mara ya tatu alfajiri, kabla jua halijafika, maana jua linapasua weusi. Akafunga dirisha kwa mikeka, ikauke kivulini. Na asubuhi ya Inspekta, mikeka ilipoondolewa, nisikilize vizuri: sijawahi kuona weusi kama ule. Ulikuwa weusi wa shimo la mlima. Ulikuwa weusi wenye kina, kama kisima. Nilirudi nyuma hatua moja nisije nikaingia. Watu waliokuja na kelele zao walikwama mlangoni, wanaume wakavua kofia bila kuambiwa. Ilikuwa mbao tano tu, makala na majani ya boga.

Inspekta alifika na kiatu chake kinacholia. Alizunguka ukuta, akaupiga kwa ngumi, akasikiliza. Aliingia. Alipita kati ya viti mpaka mwisho, akakunja abakosti yake, akakaa kwenye gogo la nyuma kabisa, magoti yakamfika karibu na kidevu. Bamama walikuwa wamejaa dirishani. Papa alisimama nje, upande wa mlango, hajaingia wala hajaondoka.

"Mutoto mmoja. Yule," Inspekta akasema, na kidole chake kilikuwa juu yangu.

Nilichukua chaki. Akataja sentensi ya Kifaransa, kwamba mama yangu anafanya kazi. Nilifikiri herufi zitanikimbilia zenyewe, nilivyoamini. Niliweka chaki kwenye ule weusi, nikangoja.

Hazikuja.

Nikangoja tena.  Kwenye dirisha niliona uso wa Mama, kati ya nyuso zote, na nikajua hakuna kitu ndani ya tablo ile kitakachonisaidia. Lazima kitoke ndani yangu. Nikasukuma mkono. Chaki ililia, ikaacha mstari mweupe, mweupe kama jino. Nikaandika neno la kwanza. Nikaandika la pili. Nilimaliza na nukta, nikaibonyeza mpaka chaki ikavunjika.

Kule nyuma Inspekta alifanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alitoa miwani. Akaiweka gotini. Na akasoma, bila miwani, kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye nukta.

Kelele iliyotoka dirishani ilishtua mbuzi wa jirani. Mama Sifa alikuwa anaimba tayari. Inspekta akainua mkono.

"Nani alifanya tablo hii? Mjini sijaona kama hii."

Walimsukuma Mama ndani, kikwembe kimekaa vibaya, viwiko bado vyeusi. Inspekta aliinuka, akaja mbele, akampa chaki kwa mikono miwili.

"Mama, weka jina lako pale chini. Ni haki yako."

Nilijiinua kwenye vidole vya miguu. Sasa ndiyo sasa! Sasa wataona. Mama yangu, aliyeonja maneno yote, ataandika neno refu ambalo hata Mwalimu Kambale halijui.

Mama aliangalia chaki. Hakuipokea. Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia ndani ya kikwembe, nyuma, na mimi niliyekuwa nyuma yake peke yangu niliona: vidole vilikuwa vimeshika kitambaa vinakikamua kama majani ya boga. Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kama unavyojua kwamba mvua imeanza.

Akainua kidevu. "Muzee, mimi nimepaka siku tatu ili kusibaki alama hata moja. Sasa unataka ni mimi mwenyewe niichafue? Chaki mupe batoto. Kuchafua ni kazi yao."

Kalasi ilipasuka kwa kicheko. Inspekta alicheka mpaka akashika ukuta. Papa, nje, alicheka peke yake kwa sauti ya juu kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa ninaangalia weusi ule, na ulikuwa umekuwa mkubwa zaidi. Kama angekuwa anajua kusoma, ingekuwa ni kazi tu. Lakini alikuwa amekaa siku tatu, ameweka ndoa yake mezani, kwa ajili ya kitu ambacho hakitamwambia hata neno moja maisha yake yote.

Mwaka wa tano ulifunguliwa. Mimi niliingia, na Furaha pia, na jembe likakaa ukutani. Aliiteremsha kayee yake darini, ikanuka moshi mpaka Krismasi.

Na redio? Ilikaa bubu muda mrefu, maana Papa hakushuka Goma mpaka mavuno. Jioni ya kwanza wanaume walikuja kwa mazoea, wakakaa, wakaangalia lile sanduku kimya juu ya meza. Nilikuwa ninangoja kiboko changu, kwa sababu Papa hakuwa mjinga. Mikono ya Mama haikuwahi kujua kufungua redio ile. Akaniita. Akavuta kigoda, akakiweka pembeni ya redio.

"Kaa. Ulizimaliza betri zangu, sasa wewe ndiye utaongea. Leo bamesema nini?"

Nikafungua kayee. Nikasoma somo la siku ile, juu ya mito ya Zaïre, na wanaume walisikiliza wameinamisha vichwa kama wanasikiliza habari za vita. Nilipokwama, Papa alizungusha kitufe cha redio iliyokufa, akasema, "Sauti, ongeza sauti." Mama alikuwa kwenye moshi, anakoroga chungu. Nilipomaliza, alisema bila kugeuka, "Rudia pale kwenye mito." Nikarudia. Kila jioni alinirudisha mahali pamoja, na sasa ninajua alikuwa anafanya nini: alikuwa anaweka kichwani.

Muzazi anaishia hapa, direkta ameniambia.

Nimesaga makala. Majani ya boga nimeyapata kwa jirani, muhogo ninao. Betri ya tochi aliyovunja mtoto ilikuwa imeoza, haifai kitu, na mimi si mtu wa kupaka kijivu. Kwa hiyo jioni hii nimefungua mgongo wa redio yetu. Kesho, mapema, nitakuwa langoni na beseni langu, na yule direkta anionyeshe tena kwa kidole mahali ninapoishia.

Mtoto wangu amezungusha kitufe mara mbili. Amenijia jikoni, mdomo umevimba.

"Mama, redio imekufa. Sasa tutasikiliza nini?"

Nimempisha nafasi mezani, pembeni ya redio.

"Leta kayee yako."